Ukurasa wa Sita

Karatasi nanunua kwa kilo, kwa Birindwa wa Nyawera:
magazeti ya mwezi jana, mengine ya mwaka jana,
ya kufungia sambaza za kukaanga.
Kabla sijafunga, nasoma.
Hiyo ndiyo kodi yangu. Kila kipande kinipite machoni,
halafu kiende zake na samaki.

Ndivyo nilivyomkuta Nsimire, binti yangu,
ukurasa wa kwanza, Jumanne ya mvua,
amesimama nyuma ya mashini ya kushona
na wenzake kumi na mmoja,
fulana nyeupe zimewazidi mabega.
Chini ya foto: WASICHANA WA KADUTU WAOKOLEWA.
Jina lake halipo.
Yupo mheshimiwa aliyekata utepe,
yupo mfadhili, yupo mke wa mfadhili,
hata dereva kasifiwa kwa kuyaweza matope yetu.

Nikasoma polepole, kidole chenye chumvi juu ya mstari.
Mradi utawaletea wasichana mwanga, anasema mwandishi.
Kikwazo ni mama zao,
maana wanawake wa huku hawana mazoea ya kusoma.

Hawana mazoea.
Nikarudia kwa sauti.
Mwa Bahizire, anayeuza mawese kando yangu,
alicheka mpaka akakumbatia kopo lisimwagike.
"Rudia hapo," akasema. "Nataka kujijua."

Nikarudia. Akaja Nabintu wa ndizi,
akaja mjane wa Cimpunda mwenye miwani ya mkono mmoja,
upande wa pili kafunga uzi,
na yule mtoto wa makala asiyejua herufi
ila kusikiliza anatushinda sote.
Ndiye aliyeuliza:
"Na siku walipokuja kuzichukua mashini, imeandikwa?"

Nikanyamaza.
Mashini zilikaa siku mbili.
Ya tatu gari likarudi, lile lile la dereva hodari,
likazipakia, zikaenda kupigwa foto Bagira.
Nsimire akabaki na fulana.
Anaivaa akisonga bugali.

Mwisho wa ukurasa, herufi ndogo:
Inaendelea ukurasa wa 6.

Tukautafuta. Tulipekua rundo zima,
wateja wamesimama, mafuta yanapoa.
Wa nne upo. Wa mpira upo. Wa viwanja vinavyouzwa,
wa waliofariki, tena wa waliofariki.
Wa sita hakuna.
Kisha nikakumbuka: asubuhi, mwalimu wa Panzi,
sambaza za franka elfu mbili.

Simnyimi mwandishi haki yake.
Labda huko ndiko alikouweka ukweli,
chini kabisa, mahali macho ya mfadhili hayafiki.
Labda aliandika: zimerudishwa. Labda aliuliza kwa nini.
Basi ukweli wetu umelowa mafuta Panzi,
umekunjwa, paka ameulamba.

Tangu siku ile sifungi mpaka watu wanne wamalize.
"Mama, nachelewa!"
Ngoja kidogo, baba, tuko katikati ya sentensi.
Mtoto wa makala sasa anaijua N, anaijua S,
anaziwinda kwenye kila kipande kama anayechagua mawe kwenye maharagwe.

Na ile foto nilitaka kuificha sandukuni,
chini ya kitenge cha harusi.
Nsimire hakutaka. Akachukua biki,
akaandika pembeni majina yote kumi na mawili,
lake la mwisho, likabanwa na ukingo,
E ikapanda juu kidogo.
"Sasa funga," akasema.

Alikuja mama mmoja wa Muhungu.
Namjua: hulamba kidole kabla ya kufungua karatasi,
nyumbani huinyoosha juu ya meza na kuisoma
kabla hajala.
Nilimfungia za elfu tano, nikamwongeza ngumi moja.
Mheshimiwa nikamgeuzia ndani, kwenye mafuta.
Majina nikayaacha nje.